Mbao Iliyokwisha Kucheza: Kuchagua Mti wa Kikalio cha Rili ukiwa Nairobi

Mguu mmoja wa kiti kilichovunjika, kama ni wa mti mzuri, unatoa vikalio vitatu vya rili, kile kigurudumu cha kukunjia uzi wa kuvulia. Naanza na hilo kwa sababu wengi wanaotaka kujitengenezea fimbo ya kuvulia huja wakiniuliza ni wapi Nairobi watapata gogo la mpingo, na mimi huwauliza kama kwa nyanya yao kuna meza ya zamani.

Kikalio ninachozungumzia ni ile sehemu ya mwisho wa mpini ambapo mguu wa rili hulala ukabanwa na pete au kofia ya chuma. Kwenye fimbo za kuvulia trauti kwa nzi bandia, sehemu hiyo huwa mcheduara mdogo wa mbao uliotobolewa katikati ili fimbo ipite, na ubavuni umechongwa mfereji wa kulaza mguu wa rili. Fimbo yenyewe siku hizi ni ya kaboni au ya nyuzi za kioo. Mbao imebaki hapo tu, ndiyo maana mtu akiishika fimbo yako macho yake huenda hapo kwanza.

Trauti si samaki wa asili wa Kenya. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliagiza trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, wakawekwa katika mto Gura kule Aberdare. Ni Grogan huyo huyo ambaye wakazi wa Nairobi bado wanalitumia jina lake kwa eneo la Kirinyaga Road, penye vipuri vya magari. Mimi hununua misasa na meno ya keekee huko huko. Tangu wakati huo mito inayotoka Aberdare na Mlima Kenya imekuwa na wavuvi wake, na Nairobi imekuwa na watu wa kuwatengenezea vifaa. Nzi bandia wanaofungwa kwa mikono Kenya huuzwa nje ya nchi. Sioni sababu vikalio vyetu visifike huko pia.

Hatua ya 1: Nunua chuma kabla ya mbao

Chuma hakibadiliki kikakubali mbao. Mbao ndiyo inayopunguzwa ikubali chuma. Kwa hiyo pata kwanza pete, kofia na kizibo cha chini, kisha upime kwa kalipa wewe mwenyewe. Seti nyingi za fimbo za trauti zinataka mbao yenye kipenyo cha karibu milimita 17 na urefu wa milimita 85 hadi 100. Tundu la katikati huwa milimita 6 hadi 10, kulingana na unene wa fimbo pale chini. Kipande kibichi cha kuanzia kiwe cha mraba wa milimita 25 na urefu wa milimita 125, ili ubaki na nafasi ya kukosea.

Angalia pia chuma chako kinabana kwa njia gani. Kuna kikalio cha hesi, ambacho nati ndiyo inayosukuma kofia mpaka ikaushika mguu wa rili. Hapo kazi kubwa inafanywa na chuma, na mbao laini kidogo itavumilika. Kuna kikalio cha pete ya kuteleza, ambacho unausukuma mduara mwembamba wa chuma juu ya mguu wa rili mpaka ubane. Hicho ni chepesi na kizuri kwa macho, lakini kinategemea mbao kwa kila kitu: mbao ikilainika rili inalegea, mbao ikivimba pete haitoki. Kwa kikalio cha pete, chagua mti mgumu bila kubembelezana na bei.

Hatua ya 2: Elewa mbao inavyocheza

Mafundi wa samani husema mbao inacheza. Hewa ikiwa na unyevu mbao inafura, hewa ikikauka inasinyaa, na haichezi sawa pande zote. Kwa urefu haisogei kwa kiasi cha kukusumbua. Kwa kufuata mviringo wa pete za mti, husinyaa karibu mara mbili ya inavyosinyaa kutoka katikati ya shina kwenda kwenye gome. Maana yake ni kwamba kitu ulichokikereza kikawa duara kamili hugeuka kikawa na umbo la yai.

Tufanye hesabu. Chukua mti wa kawaida ambao, kutoka ubichi mpaka ukavu wa tanuri, unasinyaa asilimia 8 upande wa mviringo na asilimia 4 upande wa kwenda kwenye gome. Mbao huanza kusinyaa unyevu wake ukishuka chini ya asilimia 30 hivi. Ukikereza kipande chenye unyevu wa asilimia 20, kisha kikakauka mpaka 12, kipenyo cha milimita 17 kitapungua zaidi ya theluthi moja ya milimita upande mmoja na chini ya milimita 0.2 upande wa pili. Kwa mlango hiyo si kitu. Kwa pete ya chuma inayoteleza, ni tofauti ya kikalio kinachofanya kazi na kisichofanya.

Nililijua hilo kwa uchungu. Kikalio changu cha kwanza kumuuzia mtu kilikuwa cha mgrivea uliokatwa kwenye shamba la kahawa. Kilikuwa na maua maua ya kupendeza, na nilikuwa na haraka. Mbao ilikuwa na wiki sita tu tangu ikatwe. Mwenye fimbo alinipigia kutoka mto Ragati, mvua ikinyesha, akasema pete imeng'ang'ania na rili haitoki. Februari akaniletea fimbo hiyo hiyo, safari hii pete inalia kama njuga. Nilimrudishia pesa zake, na kile kikalio nimekining'iniza juu ya meza yangu ya kazi mpaka leo ili nikione kila ninapotaka kuharakisha.

Tangu hapo swali langu la kwanza kuhusu kipande chochote ni kama kimekwisha kucheza. Rangi nauliza baadaye.

Hatua ya 3: Tafuta mahali ambapo mbao imekaa

Samani kuukuu ndiyo ghala bora kabisa la mbao Nairobi. Meza, kitanda au mlango uliokaa ndani ya nyumba ya jiji hili kwa miaka ishirini umepita masika na kiangazi mara ishirini. Nyufa zilizotaka kutokea zimetokea, na mbao imezoea hewa yetu. Waulize majirani wanaohama. Waulize pia mafundi wanaokarabati nyumba za zamani, kwa sababu fremu za madirisha na mikono ya ngazi huishia kwenye moto.

Mahali pa pili ni kwa watengeneza samani wa Ngong Road na Gikomba. Kipande cha sentimita kumi na mbili kwao ni takataka. Nenda jioni wakati wa kufagia, salimia vizuri, eleza unachotengeneza, onyesha kikalio kilichokwisha kama unacho. Mara nyingi utaondoka na mfuko mzima kwa bei ya chai. Wachongaji wa vinyago nao hubaki na vipande vya mpingo na mzeituni ambavyo ni vifupi kwa kinyago lakini vinakutosha wewe.

Kwenye yadi za mbao, uliza umri kabla ya bei. Siku moja Gikomba nilimuuliza mama mwenye yadi:

"Mama, hii mninga imekaa hapa tangu lini?"

"Hiyo ilikuja kabla ya mvua, mwanangu."

"Mvua ya mwaka huu?"

"Ya mwaka huu. Ya mwaka jana iko kule nyuma chini ya mabati, lakini imechafuka, hutaipenda."

Niliichukua ile iliyochafuka. Randa ilipopita mara mbili, uchafu wote ulikuwa umekwisha.

Neno moja kuhusu sheria. Mbao zikisafirishwa Kenya zinahitaji kibali kutoka Huduma ya Misitu ya Kenya, KFS, na muuzaji halali anaweza kukuonyesha karatasi. Anayekunong'oneza kwamba ana gogo la mti fulani adimu, njoo usiku, mwache. Kazi yetu inataka vipande vidogo mno kuiharibia misitu.

Hatua ya 4: Chagua mti

Hapa ndipo watu hubishana sana, nami nina msimamo wangu.

Kwa kikalio cha kwanza, chukua mninga. Mwingi unaouzwa Nairobi hutoka Tanzania. Ni kati ya miti inayosinyaa kidogo sana katika eneo letu lote, hukerezwa bila kupasuka, na rangi yake ya kahawia yenye michirizi ya dhahabu na nyekundu haihitaji kusaidiwa na rangi ya dukani. Si mgumu kupita kiasi, kwa hiyo patasi yako itachonga mfereji bila ugomvi.

Mbambakofi ndio ninaoupenda kuliko yote. Mafundi wa Pwani wameutumia kwa milango kwa vizazi vingi, na wana sababu: unakaa karibu na bahari, unapigwa na jua na chumvi, na haujipindi. Ni mzito kuliko mninga, mgumu zaidi, wenye wekundu wa kahawia unaokolea kadiri miaka inavyopita. Kama fimbo itaenda Watamu au Malindi badala ya Aberdare, usitafute zaidi. Ni nadra kuupata ukiwa mpya. Mimi huupata kutoka kwenye fremu za milango iliyong'olewa.

Mzeituni wa porini, ambao Wakikuyu huuita mutamaiyu, una sura ambayo hakuna mti mwingine unao. Ni kahawia ya asali iliyopitiwa na mistari ya moshi, na kila kipande kina mchoro wake. Uzito wake unakaribia ule wa maji, na unang'aa kwa msasa tu hata kabla ya vanishi. Tatizo lake ni kukauka. Ukikaushwa haraka unapasuka kuanzia mwishoni, na nyufa zingine hujificha ndani mpaka keekee izifikie. Nunua kipande kilichochongwa tayari kuwa kitu kingine, kama mwiko mnene au bakuli lililovunjika ukingo, kwa sababu hicho kimekwisha kupita mtihani. Inaniuma kwamba mzeituni mwingi wa nchi hii huishia kuwa makaa.

Mpingo unastahili sifa zake. Ni mweusi wa zambarau, mgumu, una mafuta yake yenyewe, na ukiutupa majini unazama. Ndio mti wa klarineti na wa vinyago vya Wakamba. Kwa kikalio cha pete ya kuteleza hauna mpinzani. Lakini unataka vifaa vikali sana, vumbi lake linawasha macho na mapafu, na mafuta yake hukataa gundi. Tena tangu Januari 2017 jamii yake yote iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na tangu 2023 mninga na mbambakofi pia zimeorodheshwa. Ukikusudia kumtumia mteja wa ng'ambo kikalio cha miti hii, uliza Huduma ya Wanyamapori ya Kenya, KWS, ambayo ndiyo hutoa vibali vya CITES, mapema ni karatasi gani zinahitajika, kabla mzigo haujafika uwanja wa ndege.

Mvule ni mzuri kwa maji, lakini ndani yake huwa na vijiwe vya chokaa vinavyovunja makali ya patasi bila onyo. Tundu zake pia ni pana, zinahitaji kujazwa kabla ya vanishi. Nautumia ninapoupata bure.

Sasa miti ya shambani, ambayo naona inadharauliwa. Mgrivea uliniadhibu, lakini kosa halikuwa la mti. Uliopasuliwa kwa kufuata mstari wa kutoka katikati kwenda kwenye gome, ukakauka mwaka mzima, hutoa madoa yanayometameta kama magamba ya samaki. Hakuna sura inayofaa zaidi kwa fimbo ya kuvulia. Makadamia wa Murang'a na Kiambu ni jamaa yake wa ukoo mmoja na una madoa ya aina hiyo hiyo, ila ni mzito na mgumu zaidi. Mkulima akikata mti uliozeeka, omba tawi nene kabla halijaingia jikoni.

Mkahawa ndio siri ya Kiambu. Shina la mkahawa ni jembamba mno kwa samani, kwa hiyo hakuna anayeligombania, isipokuwa wanaotengeneza meza za mizizi yake. Kwetu sisi unene huo unatosha. Mbao yake ni nyeupe ya maziwa yenye umanjano, nyuzi zake zimebanana, na inakubali msasa mwembamba mpaka ikawa kama pembe. Ipasue katikati ya kitovu cha shina siku ile ile ya kukatwa, maana ukiiacha mzima itajipasua yenyewe, tena mahali ambapo hukupanga.

Muhuru, ambao wauzaji huuita mwaloni wa Meru, ni mtulivu na hufanya kazi vizuri kwa vikalio vya hesi. Kwa pete ni laini. Mjakaranda wa barabara zetu ni laini zaidi. Ukucha unaacha alama. Wachongaji wa Wamunyu wanaupenda kwa sababu hiyo hiyo, na kwa kikalio utafaa tu ukiwa umenyweshwa resini kwenye chombo cha kunyonya hewa, kisha ukachomwa kidogo kwenye tanuri mpaka resini ikakaza. Mtu mwenye kompresa ya friji kuukuu anaweza kujitengenezea pampu ya kazi hiyo. Njia hiyo inafaa miti yenye tundu na isiyo na mafuta. Mpingo hauinywi.

Msaipresi na mkaratusi achana nayo. Wa kwanza ni laini, wa pili unacheza mno. Msandali nao usiguse kabisa. Ukataji wake ulipigwa marufuku Kenya mwaka 2007.

Hatua ya 5: Soma kipande kabla ya kulipa

Tazama mwisho wa kipande kwanza. Pale utaona pete za mti. Kama unaona kitovu cha shina ndani ya kipande chako, kirudishe, kwa sababu nyufa huanzia hapo. Pete zikiwa zimenyooka kutoka ukingo hadi ukingo, umepata kipande kitakachotulia. Zikiwa zimejikunja kama upinde mkali, kitajipinda.

Kisha fuata nyuzi za ubavuni kwa kidole. Kwa urefu wa milimita 125, nyuzi zikikimbia nje ya kipande kabla hazijafika nusu, ukuta mwembamba wa kikalio utavunjika pale kwenye mfereji. Kumbuka kwamba ukishatoboa na kuchonga mfereji, kuna mahali mbao itabaki na unene wa milimita 2 au 3 tu. Mafundo mazuri ya kupendeza yaweke upande wa pili wa mfereji, kamwe yasiwe chini ya mguu wa rili.

Sehemu nyeupe ya nje, iliyo karibu na gome, ni ya kukwepa kwa miti mingi, kwa kuwa wadudu huipenda na inanyonya maji. Kwa mzeituni na mpingo mstari mwembamba wa weupe unapendeza, nami wakati mwingine huuacha kwa makusudi. Ukiona vitundu vya ukubwa wa kichwa cha pini na unga laini chini yake, usiingize kipande hicho kwenye karakana yako hata bure.

Mwisho, lowesha kidole upake kwenye mbao. Rangi itakayojitokeza pale palipolowa ndiyo utakayoipata baada ya vanishi.

Hatua ya 6: Kausha, kisha uhakikishe kwa mizani

Hata mbao iliyoitwa kavu na muuzaji, ichukulie kuwa mbichi. Ikate vipande vya 25 kwa 25 kwa 125, paka nta ya mshumaa au rangi ya mafuta kwenye ncha zote mbili, andika kwa penseli jina la mti, tarehe na uzito, kisha uvipange kwenye rafu yenye hewa, mbali na jua na mbali na jiko. Kipimo cha wazee wa kazi ni mwaka mmoja kwa kila milimita 25 za unene. Vipande vidogo kama hivi huwahi, ila miti mizito kama mzeituni na mpingo haiwahi.

Nunua mizani ndogo ya dijitali inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Pima kila Jumamosi. Uzito ukikaa pale pale wiki nne mfululizo, mbao imepatana na hewa ya nyumba yako. Kwa Nairobi mara nyingi hapo utakuwa karibu na unyevu wa asilimia 12.

Kama unataka kujua kwa hakika, toa kafara kipande kimoja cha mbao ile ile. Kipime, kiweke kwenye tanuri la nyuzijoto 103 mpaka kisipungue tena, kisha upime upya. Gawanya uzito uliopotea kwa uzito mkavu. Kilichokuwa gramu 23 kikaisha gramu 20 kilikuwa na asilimia 15, na wenzake bado wana safari.

Msimu nao una uzito wake. Nakereza Januari na Februari, mbao ikiwa imesinyaa, na naacha nafasi ya milimita 0.2 kati ya mbao na pete. Masika yanapokuja na mbao ikafura, nafasi hiyo inaisha lakini pete bado inateleza. Ukikereza Aprili na kukaza kila kitu sawasawa, kiangazi kitakuonyesha mwanga katikati.

Hatua ya 7: Toboa mapema, maliza baadaye

Toboa tundu la katikati kabla ya kukereza, kipande kikiwa bado mraba. Kishike wima kwenye jiliwa, ingia polepole, toa keekee kila baada ya sentimita moja uondoe vumbi. Ukipata ufa, umepoteza dakika kumi tu. Kisha ukereze mpaka milimita 20 na uache. Tundu linaipa mbao hewa kutoka ndani, na mvutano wowote uliofichika hujitokeza. Wiki tatu baadaye pima kipenyo pande mbili zinazokatana. Zikitofautiana zaidi ya milimita 0.2, rudisha kwenye rafu. Zikilingana, sasa malizia.

Asiye na kerezo aende Kariobangi Light Industries. Mafundi wa chuma wa pale watakukerezea mbao ukiwaeleza kipimo. Nenda na pete yako mkononi. Mchoro peke yake hautoshi.

Wengi huniuliza kuhusu uzito. Kikalio cha milimita 17 kwa 90 chenye tundu la milimita 9.5 kina ujazo wa takriban sentimita 14 za ujazo. Kwa mpingo ni kama gramu 17, kwa mgrivea ni kama gramu 8. Tofauti ya gramu tisa, tena iko chini ya kiganja, haitakuchosha. Gramu tisa hizo zingekuwa kwenye ncha ya fimbo ningekuwa na maneno mengine. Kwa hiyo usikatae mti mzuri kwa sababu ya uzito, isipokuwa fimbo ni nyepesi sana na rili pia.

Hatua ya 8: Ziba kila uso, hasa usioonekana

Vanishi ya nje kila mtu hupaka. Maji hayaingilii huko. Yanaingilia kwenye mfereji chini ya mguu wa rili, kwenye ncha mbili, na ndani ya tundu. Paka sehemu hizo kwanza, mara tatu, kwa brashi ndogo au pamba iliyofungwa kwenye kijiti. Natumia vanishi ya mashua, ya kwanza nikiichanganya nusu kwa nusu na kiyeyushi chake ili inyonywe, mbili za baadaye zikiwa nzito, na msasa namba 400 katikati. Wanaopenda mafuta ya kitani nawaheshimu, lakini mafuta yanataka kurudiwa kila mwaka, na wavuvi hawarudii. Vitambaa vya mafuta hayo vitandaze nje vikauke kila kimoja peke yake. Vikirundikwa hujipasha moto mpaka vikawaka vyenyewe.

Mpingo, na mti wowote unaoacha mafuta kwenye vidole, upanguse kwa asetoni kabla tu ya kupaka gundi ya epoksi. Ukisubiri hata saa moja mafuta yanarudi juu.

Kabla hujagundisha chochote kwenye fimbo, kivishe kikalio pete zake na kofia yake, kifunge na rili halisi, ukiweke usiku mzima kwenye bafu baada ya watu kuoga maji moto, juu ya kitambaa kibichi. Asubuhi jaribu kuifungua rili kwa vidole viwili. Ikikataa, ondoa vanishi, punguza mbao kwa msasa, paka tena. Ikifunguka, kiweke kikalio siku nzima karibu na dirisha lenye jua na ujaribu mara ya pili. Kikipita hapo pia, changanya gundi.